Chuo Kikuu cha Ng'ambo Kinapoingia Nyumbani

Mwezi huu tunaomba tuweke kando habari za chanjo na lishe, tuzungumzie jambo ambalo akina mama wengi wametuuliza, wengine kwa barua na wengine ana kwa ana. Je, mama mwenye mume na watoto anaweza kusoma chuo kikuu cha nchi ya nje bila kuondoka nyumbani kwake?

Tuanze na kisa kimoja. Alhamisi moja, baada ya kipindi cha akina mama, mwenzetu mmoja alibaki nyuma wakati wengine wakipanga viti. Ni mama wa watoto wanne, mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti cha ualimu. Alitusogelea akasema, "Sista, naomba unisomee hii Kiingereza, nataka kuhakikisha kama nimeelewa vizuri."

Akafungua simu yake. Ujumbe ulisema kwamba amechaguliwa kusoma shahada ya elimu katika chuo kikuu kimoja cha Marekani kwa njia ya intaneti. Ulisema pia kwamba kwa kuwa amefundisha miaka 14, uzoefu wake umehesabiwa kuwa sawa na masomo ya miaka miwili. Alitakiwa kulipa dola 300 ndani ya saa 72, la sivyo nafasi yake angepewa mtu mwingine.

"Umekwisha kulipa chochote?" tulimwuliza.

Akainamisha kichwa. "Fomu tu, Sista. Laki moja na nusu. Nilituma kwenye simu ya wakala."

"Na hizo dola mia tatu unazo?"

"Ninazo. Ni ada ya kijana wangu wa kidato cha tano. Nilifikiri nitairudisha kabla shule hazijafunguliwa."

"Baba yao anajua?"

Hakujibu.

Mwisho wa kisa hiki tutausimulia baadaye. Kwanza ni vizuri tuelewe masomo ya namna hii ni kitu gani, kwa maana wako akina mama ambao wakisikia kisa kama hiki husema kwamba mambo yote ya kusoma kwa simu ni utapeli. Hiyo si kweli.

SI JAMBO GENI

Kusoma chuo cha mbali kulianza zamani sana, kabla babu zetu hawajazaliwa. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwaruhusu watu ambao hawakusoma katika vyuo vyake kufanya mitihani yake na kupata shahada. Hata chuo kikuu chetu cha Dar es Salaam, kilipofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa chuo kishiriki cha London, na wanafunzi wake wa kwanza walisomea sheria kwa ajili ya shahada ya huko.

Afrika Kusini nao, kupitia chuo chao kikuu kiitwacho UNISA, walianza mwaka 1946 kufundisha watu kwa njia ya posta. Mzee Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kutoka chuo hicho mwaka 1989, akiwa bado kifungoni. Sisi akina mama tunaposema hatuna nafasi ya kusoma, tumkumbuke mzee huyo ambaye vitabu vilimfuata hata gerezani.

Uingereza ilianzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1969, na kwa miaka mingi masomo yake yalirushwa kwenye televisheni na redio ya BBC. Sisi Watanzania tulipata Chuo Kikuu Huria chetu kwa sheria ya mwaka 1992. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha mpango wa chuo kikuu cha Afrika ambacho hakikuwa na kampasi. Wahadhiri walikuwa ng'ambo, na masomo yao yalipokewa kwa setilaiti katika vyuo vya Kiafrika. Ofisi zake zilihamia Nairobi mwaka 2002.

Kwa hiyo hamu ya kusoma chuo cha mbali ni ya zamani, ila njia ndiyo imebadilika. Mwaka 2009 waya mkubwa wa mawasiliano uitwao SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulifika pwani yetu ukatuunganisha na India na Ulaya. Kabla yake intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti, ikawa ghali na ya polepole. Waya huo na nyingine zilizofuata ndizo zilizofanya leo mama wa Njombe au wa Kigoma aweze kumwona na kumsikia mhadhiri aliyeko London akiwa ameshika simu mkononi.

Kisha ukaja mwaka 2020 na ugonjwa wa korona. Mwezi Machi vyuo vyetu vilifungwa, vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni. Nchi nyingi za nje zilichukua muda mrefu zaidi, na vyuo ambavyo havikuwahi kufikiria kufundisha kwa intaneti vililazimika kujifunza kazi hiyo haraka. Ugonjwa ulipopungua, vingi viliendelea na masomo hayo.

VYUO VYA KWELI VIPO

Masomo yanayopatikana ni ya namna mbalimbali, na ni vema kuyatofautisha.

Kwanza kuna shahada kamili. Unajiandikisha, unalipa ada, unasoma miaka kadhaa, unafanya mitihani, na unapewa shahada ileile anayopewa mtu aliyeketi darasani. UNISA na Chuo Kikuu cha London bado wanafanya hivyo. Kipo pia kiitwacho University of the People, kilichoanzishwa na Shai Reshef mwaka 2009 na kupata ithibati ya Marekani mwaka 2014. Hiki hakitozi ada ya masomo, lakini msidhani ni bure kabisa, kwa sababu kila somo lina malipo yake ya mtihani.

Pili kuna kozi fupi za wazi, za wiki nne hadi kumi, ambazo vyuo vikubwa vilianza kuzitoa kwa wingi mwaka 2012. Nyingi unaweza kuzisoma bure, ila ukitaka cheti unalipia. Hizi si shahada. Zinakuongezea maarifa, nazo ni kipimo kizuri cha kujua kama unaweza kusoma peke yako kabla hujatoa fedha nyingi.

Tatu kuna masomo ya kuchanganya, yaani nadharia kwa kompyuta na vitendo kazini. Sisi wauguzi tunaukumbuka mfano wa Kenya. Mwaka 2005 shirika la AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo walianza kuwasomesha kwa kompyuta wauguzi wa ngazi ya cheti ili wafikie diploma. Walilenga wauguzi 22,000. Kama wote wangeitwa Nairobi kukaa darasani, nani angebaki wodini? Kwa mpango huo muuguzi alisoma huku akiendelea kuhudumia wagonjwa wake.

Hapo pana somo kubwa. Yako mambo ambayo kompyuta inayafundisha vizuri, na yako mengine haiyawezi. Hakuna mtu aliyejifunza kumzalisha mama kwa kutazama simu. Hata Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, ambacho ni hodari wa elimu ya masafa, huwapeleka wanafunzi wake wa uuguzi kufanya mazoezi kwenye wodi halisi, na wagonjwa halisi. Ukiona chuo kinakuahidi shahada ya uuguzi, ya utabibu au ya maabara bila kugusa mgonjwa wala chombo, kimbia.

WAUZA VYETI

Pamoja na vyuo vya kweli kuna wafanyabiashara ya vyeti, na hawa wameijua intaneti kuliko sisi.

Mwezi Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua habari za kampuni moja ya Karachi, Pakistan, iliyoitwa Axact. Kampuni hiyo ilikuwa imetengeneza tovuti zaidi ya 300 za vyuo na shule ambazo hazikuwepo. Zilikuwa na picha nzuri za majengo, maprofesa wanaotabasamu, na majina yanayofanana na ya vyuo maarufu. Walikuwa wametengeneza hata mashirika ya uongo ya kutoa ithibati, ili mtu akiuliza, "Chuo hiki kimethibitishwa na nani?" apate jibu. Ndani hapakuwa na darasa wala mwalimu. Kulikuwa na vijana wanaopiga simu usiku na mchana kuuza shahada. Mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo alihukumiwa Marekani mwaka 2017 kifungo cha miezi 21.

Kilichotuumiza sisi ni habari iliyotangazwa na BBC mwaka 2018. Walieleza kwamba vyeti zaidi ya 3,000 vya kampuni hiyo viliuzwa Uingereza katika miaka ya 2013 na 2014 peke yake, na kwamba miongoni mwa wanunuzi walikuwemo madaktari na wauguzi wa hospitali za serikali ya huko. Fikiria, mama mwenzangu, umemlaza mwanao hospitalini, na anayempima dawa amenunua cheti kwa simu!

Nasi tusiwacheke Waingereza. Mwezi Aprili 2017 watumishi wa umma 9,932 hapa Tanzania walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wengi wetu tuliwafahamu baadhi yao. Walikuwa majirani, washarika wenzetu, watu wenye watoto shuleni. Ajira ikaondoka, na heshima nayo ikaondoka.

Wako wanaojua kabisa kwamba wananunua uongo. Lakini wako wengine, kama mwenzetu yule mwalimu, ambao hutegwa na hamu yao njema. Mtego wenyewe hutumia maneno mazuri: uzoefu wako wa miaka mingi ni elimu tosha, kwa nini uteseke na mitihani? Mama aliyefanya kazi kwa uaminifu miaka 14 bila kupandishwa cheo akisikia maneno hayo, moyo wake unalainika. Anaona kwamba hatimaye kuna mtu aliyeuona utumishi wake. Ndiyo maana anatoa fedha.

KABLA YA KUTOA HATA SHILINGI

Tunawapa hatua chache ambazo kila mama anaweza kuzifuata, hata kama hana kompyuta. Simu ya mtoto wa jirani inatosha.

1. Tafuta jina la chuo katika orodha ya serikali ya nchi yake, si katika tovuti ya chuo chenyewe. Kwa Marekani, Idara ya Elimu na baraza liitwalo CHEA wana orodha za vyuo vyenye ithibati. Kwa Uingereza, serikali ina orodha ya vyuo vyenye mamlaka ya kutoa shahada. Angalia jina herufi kwa herufi, kwa maana neno moja tu likibadilika, chuo ni kingine.

2. Uliza hapa nyumbani. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo inayotathmini shahada za nje. Usingoje umalize miaka minne ndipo uulize kama shahada yako itatambuliwa. Andika barua kabla ya kuanza, upate jibu la maandishi, ulitunze. Wasomaji wetu wa Kenya, Uganda na kwingineko, nanyi mna vyombo vyenu vya kazi hiyo.

3. Kama kazi yako ina baraza lake, waulize nao. Shahada inaweza kutambuliwa na tume lakini isikuruhusu kufanya kazi unayoitaka. Sisi wauguzi tuna Baraza la Uuguzi na Ukunga, na neno la Baraza ndilo linalokufungulia mlango wa wodi.

4. Angalia fedha inakwenda wapi. Chuo cha kweli hulipwa kwa akaunti yenye jina la chuo, na hukupa stakabadhi. Fedha inayotumwa kwenye simu ya mtu binafsi ni fedha ya mtu huyo.

5. Ogopa haraka. Chuo cha kweli kina tarehe za kufunga maombi, tena hutangazwa miezi kadhaa mbele. Hakimpi mtu saa 72.

6. Hesabu gharama zote. Mbali na ada kuna mitihani, vitabu, na vifurushi vya intaneti. Saa moja ya mhadhara wa video inaweza kumaliza nusu gigabaiti au zaidi, lakini kurasa za kusoma hula kidogo sana. Uliza kama chuo kinaruhusu kupakua masomo ili uyasome baadaye bila intaneti, maana umeme na mtandao havikatiki kwa taarifa.

Bwana wetu mwenyewe alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, akatufundisha kwamba mjenzi huyo hukaa kwanza akapiga hesabu. Mfano huo unamhusu pia mama anayetaka shahada.

SIMU HAIOSHI VYOMBO

Sasa tuje kwenye jambo ambalo tovuti za vyuo haziliandiki.

Katika mwaka wa masomo 2012/2013, vyuo vya Harvard na MIT vya Marekani vilitoa kozi 17 za wazi kwa intaneti. Jumla ya usajili katika kozi hizo ilifikia 841,687. Waliopata vyeti ni 43,196. Maana yake, katika kila usajili 20, uliofika mwisho na cheti ni mmoja tu. Ni kweli wako waliotaka kuonja tu, lakini wengi walianza kwa nia njema wakaishia njiani.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tulikuwa miongoni mwa walioishia njiani. Tuna diploma ya uuguzi, na kwa miaka mingi tumetamani kuendelea. Mwaka 2020, wakati wa korona, tulijiandikisha kozi ya wiki sita ya chuo kimoja cha nje kuhusu kuzuia maambukizi hospitalini. Hatukumwambia mtu nyumbani. Tuliona aibu. Mama mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, mwenye mtoto wa sekondari, aanze tena kusoma? Tukifeli je?

Basi tulisoma kwa kujificha. Saa 5 usiku, watu wamelala, tunaingia ndani ya chandarua na simu, tumepunguza mwanga. Zamu ya asubuhi inatungoja saa 1. Wiki ya kwanza tulifaulu jaribio, ya pili tukafaulu kwa shida. Wiki ya tatu baba watoto aliamka akaona uso wetu unang'aa kwa mwanga wa simu, nasi tukaizima upesi. Hakusema kitu. Alinyamaza siku tatu, na ukimya wake ulikuwa mzito kuliko ugomvi. Siku ya nne akauliza kwa upole, "Mama, ni nani unayezungumza naye usiku?"

Tulipomwonyesha kwamba ni somo la kunawa mikono, alicheka mpaka akakaa chini. Lakini baadaye akasema neno ambalo hatujalisahau: "Jambo jema linafichwaje?" Kozi ile tulikwisha kuiacha. Uchovu ulitushinda.

Mwaka uliofuata tulijaribu tena, kwa njia nyingine. Tuliwaketisha wote mezani Jumapili baada ya chakula, tukawaambia tunataka nini, kwa wiki ngapi, na tutahitaji nini kwa kila mmoja. Binti wa kidato cha pili alikubali kupika Jumanne na Jumamosi. Mdogo wake alipewa vyombo. Baba watoto alisema atasimamia kazi za shule za watoto jioni hizo mbili. Tukabandika ratiba ukutani jikoni. Jumamosi kuanzia saa 10 jioni hadi saa 1 meza ilikuwa yetu, na kifurushi cha intaneti kiliingia katika bajeti ya mwezi kama unavyoingia mkaa.

Mambo hayakwenda sawasawa kila siku. Jumanne moja ugali uliungua, na wiki nyingine mtoto aliugua malaria tukakosa masomo siku zote saba. Lakini tulimaliza. Tena kuna jambo ambalo hatukulitegemea: yule mdogo, ambaye kumkalisha na daftari kulikuwa vita, alianza kuleta daftari lake mwenyewe upande wa pili wa meza. Alikuwa hajawahi kumwona mama yake akihangaika na swali gumu.

Tuwe wakweli, cheti kile hakikutuongezea mshahara hata senti moja. Kilichobadilika ni jinsi tunavyosimamia usafi wa mikono katika wodi yetu, na jinsi tunavyojiona. Hiyo ilikuwa kozi ya wiki sita tu. Shahada ni miaka. Mama, usiingie miaka minne ya kujificha.

Fikiria pia tofauti ya saa. Darasa linaloanza saa 12 jioni New York wakati wa majira yao ya baridi, hapa kwetu ni saa 8 usiku. La London la saa hiyohiyo ni saa 3 usiku kwetu. Kabla ya kujiandikisha uliza kama ni lazima kuhudhuria papo hapo, au mhadhara hurekodiwa ukausikiliza asubuhi baada ya watoto kwenda shule. Kwa mama, jibu la swali hilo laweza kuamua kama atafika mwisho.

KAZI YAKO UIFANYE WEWE

Neno moja la mwisho kabla hatujarudi kwa mwenzetu. Siku hizi kuna programu za akili mnemba, ambazo tangu mwisho wa mwaka 2022 zimefika mikononi mwa kila mtu. Ukiiagiza iandike insha ya kurasa tano, inaandika kwa dakika moja. Kuitumia ikueleze sentensi ngumu ya Kiingereza si vibaya, ni kama kumwuliza jirani aliyesoma. Lakini ukiipa kazi yako yote iifanye, una tofauti gani na yule aliyenunua cheti Karachi? Chuo kinaweza kisikugundue, lakini siku ya kazi mgonjwa atakugundua. Vivyo hivyo na mtoto wa darasa la tatu anayengoja umweleze hesabu.

MWISHO WA KISA

Jumamosi ile tulikaa na mwenzetu yule mwalimu. Tulitafuta jina la chuo katika orodha ya Idara ya Elimu ya Marekani, halikuwemo. Tukatafuta katika orodha ya CHEA, halikuwemo. Tukampigia wakala simu kumwuliza ni nani aliyekipa chuo hicho ithibati. Akasema tusipolipa leo nafasi imekwenda. Tulipouliza mara ya pili, akakata simu, na hakuipokea tena.

Mwenzetu alilia. Alisema, "Sista, si fedha inayoniliza. Nilikwisha jiona nimevaa joho."

Tulimshauri aende akamweleze mume wake usiku uleule, kabla hajalisikia kwa mtu mwingine. Haikuwa rahisi. Alituambia baadaye kwamba mumewe alikasirika kwa ajili ya laki moja na nusu, na alikasirika zaidi kwa ajili ya ile ada ya kijana ambayo ilikaribia kupotea. Lakini alipotulia alimwuliza, "Miaka yote hii unataka kusoma, mbona hukuniambia?" Naye hakuwa na jibu. Alikuwa amefikiri kwamba angekataliwa, akajikatalia mwenyewe kabla ya kuuliza.

Ada ya mtoto ilikwenda shuleni. Ile laki na nusu haikurudi, na hatutegemei kwamba itarudi. Mwenzetu amegundua kwamba kwa cheti alicho nacho hawezi kuingia shahada moja kwa moja. Inampasa apate stashahada kwanza, jambo ambalo wakala hakumwambia. Ameanza kukusanya vyeti vyake halisi, na amepanga kuomba stashahada ya ualimu hapahapa nchini, kwa njia ya masafa. Mumewe amemletea meza ndogo, ameiweka karibu na dirisha. Kuhusu chuo cha ng'ambo anasema kitamngoja, maana sasa anajua namna ya kukitafuta.

Mama msomaji, kama una hamu hiyo moyoni, usiizime wala usiifiche. Jioni hii, kabla ya kufungua simu kutafuta chuo, mwambie mwenzio, kisha waambie watoto. Kama wewe ni mjane au unalea peke yako, mwambie dada yako au mama mwenzako wa kanisani, mtu atakayechukua watoto jioni mbili kwa wiki. Ukiisha kupata hao, ndipo uanze kutafuta jina la chuo kwenye orodha.

Walio na maswali watuandikie kama kawaida. Tuonane mwezi ujao.